Wimbo wa Watu Gani? Lahani na Migeuko katika Sonata ya Viola na Piano ya Paul Hindemith (1919), kwa Msikilizaji wa Kiswahili wa Kigali

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Sonata ya viola na piano, Op. 11 Na. 4, ya mtunzi Mjerumani Paul Hindemith, iliyotungwa na kuchezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1919. Uhakiki unaongozwa na Nadharia ya Upokezi na unaanzia kwenye maneno machache ambayo mtunzi aliyaandika ndani ya nota zake: agizo kwamba lahani ya msingi ichezwe kama wimbo wa watu, na agizo kwamba sehemu ya mwisho isisikike kama mwisho. Makala yanadai kwamba namna agizo la kwanza linavyotafsiriwa kwa Kiswahili huamua namna kazi nzima inavyosikika, na kwamba mjini Kigali uteuzi wa neno hilo una uzito wa pekee. Inapendekezwa tafsiri ya "wimbo wa watu", pamoja na maana yake ya kitu cha mwingine kilicho mikononi mwa mtu kwa muda.

Istilahi muhimu: lahani, mgeuko, sonata, tafsiri, upokezi

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umejengwa juu ya maneno. Istilahi zake nyingi, kuanzia vina na mizani hadi tashtiti na taashira, zimetokana na ushairi na nathari. Hata pale unapogusa muziki, kama vile taarabu, mara nyingi mhakiki huchambua mashairi na kuiacha fidla ijisemee yenyewe. Kwa hiyo kazi ya ala tupu humnyima mhakiki huyo kitu cha kushika.

Sonata ya Hindemith haina maneno ya kuimbwa, lakini haikosi maneno. Mtunzi ameandika maagizo kwa Kijerumani juu ya kila sehemu, na mawili kati yake si maagizo ya mwendo tu. Moja linataka lahani ya msingi ichezwe kwa utulivu na wepesi, kama wimbo wa watu. Jingine linataka sehemu tatu za sonata zifuatane bila kusimama, na hasa sehemu ya pili na ya tatu ziungane kiasi kwamba msikilizaji asidhani anasikia tamati, bali aione sehemu ya mwisho kuwa mwendelezo wa migeuko iliyotangulia. Hayo ni madai kuhusu asili ya wimbo na kuhusu mwisho wake. Mhakiki wa lugha anaweza kuyashughulikia kwa zana alizo nazo.

Kiswahili cha Rwanda kina sababu yake ya kulishughulikia suala hili. Lugha hii ilienea nchini pamoja na utawala wa Wajerumani, askari wake na wafanyabiashara waliofuatana nao, na tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za nchi. Lugha iliyofika Kigali ikiwa na sauti ya amri sasa inatakiwa kutoa hukumu ya kihakiki, na hukumu hiyo inaanza na neno moja la Kijerumani.

2.0 Kazi na Mazingira Yake

Paul Hindemith alizaliwa Hanau, karibu na Frankfurt, mwaka 1895. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1915. Mtunzi mwenyewe aliandikishwa jeshini, akatumikia katika bendi ya kikosi chake, na kucheza katika kundi la watu wanne wa ala za nyuzi lililomburudisha kamanda. Aliporudi Frankfurt, ambako alikuwa kiongozi wa wapiga fidla katika okestra ya opera, aliiweka kando fidla na kuifanya viola kuwa ala yake kuu.

Uamuzi huo una maana kihakiki. Viola ina umbo la fidla lakini ni kubwa zaidi, na nyuzi zake ziko chini ya zile za fidla kwa sauti tano. Katika okestra kazi yake ya kawaida ni kujaza katikati: fidla huimba juu, selo hushikilia chini, nayo viola huunganisha. Anayeipa ala hii sonata nzima anakitanguliza mbele kilichozoea kusikika nyuma. Msikilizaji wa Rwanda anayeijua iningidi, fidla ya uzi mmoja, anajua kwamba sauti finyu na yenye mkwaruzo inaweza kubeba masimulizi marefu. Viola nayo hupata nguvu yake kutokana na ukungu ulio katika sauti yake.

Sonata ilichezwa kwa mara ya kwanza Frankfurt tarehe 2 Juni 1919, Hindemith akiwa kwenye viola na Emma Lübbecke-Job kwenye piano. Ni ya nne katika mkusanyiko wa sonata uliopewa namba 11, na ina sehemu tatu: Fantasia fupi na tulivu, Lahani na Migeuko, kisha Tamati na Migeuko. Fantasia ni kama mlango. Viola huingia kwa upole, hupanda hadi kwenye mapambo ya kasi yanayosikika kana kwamba yanabuniwa papo hapo, kisha hurudi chini na kumkabidhi msikilizaji kwenye lahani ya msingi. Athari za Brahms na Debussy zinasikika, na si ajabu kwa kijana wa miaka 23. Jambo jipya liko katika yale yanayoifika lahani baada ya hapo.

3.0 Neno Moja na Tafsiri Zake

Neno la Kijerumani lililo juu ya lahani hiyo ni *Volkslied*. Nusu yake ya pili, wimbo, haina tatizo. Shida iko katika *Volk*. Kiswahili kinatoa angalau njia tano za kulifasiri, na kila moja hutengeneza upeo wake wa matarajio, kwa istilahi ya Hans Robert Jauss, mwasisi wa Nadharia ya Upokezi.

Njia ya kwanza ni "wimbo wa kienyeji". Neno hili lina mizizi mizuri katika "mwenyeji", lakini matumizi ya kikoloni yaliligeuza kuwa jina la kila kisicho cha Mzungu. Likiwekwa juu ya lahani iliyobuniwa Frankfurt linageuka kinyume. Njia ya pili, "wimbo wa kikabila", inamtaka msikilizaji aulize mara moja: kabila gani? Njia ya tatu, "wimbo wa jadi", inaahidi mababu, lakini lahani hii haina mababu: Hindemith aliitunga mwenyewe. Njia ya nne, "wimbo wa taifa", tayari ina kazi nyingine, na ingemfanya msikilizaji asimame wima. Njia ya tano ni "wimbo wa watu".

Uteuzi huu haukuwa wa kimtindo tu huko Ujerumani. Baada ya mwaka 1933 *Volk* lilifanywa kuwa neno la damu, na muziki ukagawanywa kati ya ule uliodaiwa kuwa wa watu na ule ulioitwa potovu. Kazi za Hindemith zilizuiwa hatua kwa hatua, na mwaka 1938 jina lake lilitundikwa katika maonyesho ya muziki ulioitwa potovu mjini Düsseldorf. Hindemith hakuwa shujaa wa upinzani. Kwa miaka kadhaa alijaribu kutafuta nafasi ndani ya mfumo ule. Hatimaye aliondoka kwenda Uswisi, kisha Marekani. Mtu aliyeandika kwamba lahani yake ichezwe kama wimbo wa watu aliambiwa na wenye mamlaka kwamba muziki wake si wa watu hao.

Mjini Kigali neno hili lina uzito wa aina nyingine. Kinyarwanda kina neno *rubanda*, lenye maana ya watu wa kawaida, umma. Siasa za ubaguzi zililifunga neno hilo ndani ya kaulimbiu ya *rubanda nyamwinshi*, yaani watu walio wengi, na kuufanya wingi kuwa hati ya kuwatenga wengine. Kwenye kilima cha Rebero, wilayani Kicukiro, katika eneo la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanaenziwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kuikataa siasa hiyo. Waliipinga maana finyu ya neno "watu", na walilipa kwa uhai wao. Mtafsiri anayeandika akiwa mbele ya kilima hicho hawezi kulitia neno hilo juu ya lahani kana kwamba ni kibandiko tu.

Hata hivyo "wimbo wa watu" ndiyo tafsiri inayofaa, na sababu iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Katika lugha hii "-a watu" haimaanishi tu kile kilicho cha umma. Mtoto huonywa asiharibu kitu cha watu. "Mtoto wa watu" ni mtoto wa mwingine, anayepaswa kutunzwa kwa sababu ana kwao. "-a watu" hutaja umiliki bila kumtaja mmiliki, na humkumbusha aliyeshika kwamba ameshika kwa muda. Hakuna damu wala kabila katika matumizi haya, kuna dhamana. Wimbo wa watu, kwa maana hii, ni wimbo ambao kila mwimbaji anauimba akijua kwamba si wake peke yake.

Hapo kiunganishi "kama" katika agizo la mtunzi kinapata maana. Lahani ni ya Hindemith, lakini anamwagiza mpigaji aishike kana kwamba ni ya mtu mwingine. Utulivu na wepesi anaoutaka ni adabu ya aliyeazimwa.

4.0 Kutoka Takhmisa hadi Mgeuko

Ikiwa lahani ni kitu cha watu, swali linalofuata ni lile la aliyeazimwa: anaruhusiwa kukifanya nini? Ushairi wa Kiswahili una jibu moja la kale. Katika takhmisa mshairi huchukua beti za mwenzake na kuzitia tano, yaani hutanguliza mishororo mitatu yake mbele ya miwili ya asili. Mfano maarufu ni ule wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyezitia tano beti zinazohusishwa na Fumo Liyongo. Maneno ya asili hubaki kamili, na heshima ya mrithi huonekana katika namna anavyoyazungushia maneno yake bila kuyagusa.

Mgeuko wa kwanza wa Hindemith, unaobaki katika mwendo uleule wa lahani, uko karibu na adabu hiyo. Kisha umbali unaongezeka. Mgeuko wa pili unaagizwa uwe na ukaidi kidogo, wa tatu uchangamke na kutiririka sana, wa nne uchangamke zaidi. Kufikia hapo lahani haipo tena kama mishororo miwili ya mwisho ya ubeti. Imeyeyuka katika mkondo, na sikio huitambua kwa mikunjo yake tu. Takhmisa hulinda maneno, ilhali mgeuko hulinda kumbukumbu ya maneno.

Istilahi nyingine ingeweza kukopwa kutoka isimu, yaani "kibadala". Lakini vibadala vya fonimu moja haviko katika mfuatano wa wakati: kila kimoja hutokea katika mazingira yake, na hakuna kinachokijua kilichokitangulia. Migeuko ya sonata hii husikilizana. Wa tatu unatiririka kwa sababu wa pili ulikuwa mkaidi, na wa nne unakimbia kwa sababu wa tatu ulikwisha kuanza kukimbia. Ndiyo maana makala haya yanatumia "mgeuko", neno linalobeba wazo la njia inayopinda lakini haikatiki.

Kwa mtazamo huu, migeuko inaonyesha kile kinachoufanya wimbo kuwa wa watu. Hauwi hivyo kwa kuzaliwa katika ukoo fulani, bali kwa kupita kutoka kinywa hadi kinywa, kila kinywa kikiongeza na kusahau. Hindemith anaanza na wimbo usio na historia na kuupa historia mbele ya msikilizaji, ndani ya dakika chache.

5.0 Nyimbo za Watu mjini Berlin

Wakati huohuo, Ujerumani ileile ilikuwa na nyimbo nyingine za watu mikononi mwake. Katika msafara wa kisayansi wa mwaka 1907–1908 ulioongozwa na Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mwanaanthropolojia Mpoland Jan Czekanowski alirekodi nyimbo nchini Rwanda kwa fonografu, juu ya mitungi ya nta. Rekodi hizo zilipelekwa kwenye Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin, na Erich M. von Hornbostel akazinukuu kwa nota na kuzichambua katika utafiti uliochapishwa Leipzig mwaka 1917, ndani ya matokeo ya msafara ule. Mwaka 1909 Hornbostel alikuwa amekwisha kuchapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi.

Hakuna haja ya kudai kwamba Hindemith alizisikia nyimbo hizo. Hoja haitegemei hilo. Inategemea tofauti ya namna mbili za kushika kitu cha watu. Frankfurt wimbo uliobuniwa ulishikwa kana kwamba una wenyewe. Berlin nyimbo zenye wenyewe zilishikwa kana kwamba ni vielelezo. Kazi ya Hornbostel ilikuwa makini, na bila mitungi ile sauti hizo zisingesikika leo. Ila wimbo uliotiwa namba katika kitabu cha msafara ulikuwa umesimamishwa: aliyeuimba hakuweza tena kuugeuza, wala mwanawe kumjibu. Ulihifadhiwa kwa kukatiwa migeuko yake.

Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1928 Hornbostel alishikilia kwamba muziki wa Kiafrika na ule wa Ulaya umejengwa juu ya misingi tofauti kabisa. Neno "wimbo wa watu", likisomwa Kiswahili, linaupunguza ukuta huo. Linaelekeza swali kwenye uhusiano wa mwimbaji na wimbo, na uhusiano huo unaweza kuulizwa Frankfurt na Kicukiro kwa maneno yaleyale. Mwaka 1933 Hornbostel naye alifukuzwa kazini kwa sababu ya asili ya Kiyahudi ya mama yake. Waliojitwalia neno *Volk* hawakumsaza mtunzi wala mchambuzi.

Tarehe zinasogeana hata zaidi. Mwishoni mwa Mei 1919 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kuhusu kuiweka Rwanda chini ya Ubelgiji. Tarehe 2 Juni sonata ikachezwa. Tarehe 28 Juni Mkataba wa Versailles ukaivua Ujerumani makoloni yake. Sadfa hii haielezi noti hata moja ya sonata. Inaeleza nafasi ya msikilizaji: muziki huu ulitoka katika nchi iliyokuwa inaachilia Kigali huku nyimbo za Rwanda zikibaki katika makabati yake.

6.0 Tamati Isiyo Tamati

Sehemu ya tatu huingia kwa kasi, ikiwa na mawazo yake mapya, na kwa muda msikilizaji hudhani lahani imeachwa nyuma. Kisha migeuko inaendelea pale hesabu ilipoishia: wa tano, tulivu na wenye kutiririka, wa sita, ambao ni fugato, na wa saba, unaofunga kazi. Hesabu yenyewe ni hoja. Mtunzi hakuanza upya kutoka mgeuko wa kwanza. Lahani ilikuwa njiani wakati wote, hata pale ilipokuwa haisikiki.

Mgeuko wa sita ndio mtihani wa kila mpigaji. Fuga ni umbo la kisomi ambamo sauti moja hutanguliza na nyingine hufuata zikiiga, kwa kanuni kali. Hindemith anataka fugato hii ichezwe kwa uzito na uzembe wa ajabu, kama mtu asiyejua pa kuweka miguu. Hii ni tashtiti. Wimbo mwepesi umevishwa joho la chuo, na joho linamkwaza. Mpigaji anayeulainisha mgeuko huu ili usikike kwa madaha anaifuta hoja ya mtunzi: kitu cha watu kikiingizwa katika elimu, kujikwaa kwake kunapaswa kusikika. Angalizo hilo linahusu uhakiki pia, na linauhusu hata uhakiki huu unaokipachika neno.

Linabaki agizo kwamba mwisho usisikike kama mwisho. Kwa msikilizaji aliye Rebero, upeo wa matarajio hauko mtupu. Kila mwaka tarehe 13 Aprili juma la maombolezo la kitaifa hufungwa kwenye kilima hicho, lakini kipindi cha kumbukumbu hakifungwi. Kinaendelea hadi siku 100 zitimie, kwa hesabu ya siku za mauaji yenyewe. Msikilizaji huyo anajua kwa mazoea kile ambacho nota za Hindemith zinamwomba msikilizaji wa Frankfurt ajifunze: kwamba kufunga sherehe si kumaliza jambo.

Ufananisho huu una mipaka, na ni lazima iwekwe wazi. Sonata ya mwaka 1919 haijui lolote kuhusu mwaka 1994, na haipaswi kufanywa ushahidi wala faraja. Hata msiba wa mtunzi mwenyewe haupaswi kulazimishwa ndani yake. Kazi yenye uzembe wa makusudi na mchezo mwingi kiasi hiki hukataa kuitwa maombolezo. Kinachoruhusiwa na Nadharia ya Upokezi ni dai dogo zaidi: kuna wasikilizaji ambao mazingira yao yamewafundisha kusikia mwendelezo pale wengine wanaposikia hitimisho, na wasikilizaji hao husikia kwa usahihi kile ambacho nota zinadai.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba uhakiki wa Kiswahili unaweza kuushughulikia muziki wa ala bila kusubiri orodha ndefu ya istilahi mpya. Neno moja lililoteuliwa kwa makini linaweza kufungua kazi nzima. "Wimbo wa kienyeji" ungeirudisha sonata katika kabati la mkoloni. "Wimbo wa kikabila" ungeiuliza swali ambalo Rwanda inajua gharama yake. "Wimbo wa jadi" ungeitafutia mababu isiokuwa nao. "Wimbo wa watu" unaiacha mikononi mwa anayeicheza, kwa muda, pamoja na wajibu wa kuikabidhi kwa mwingine.

Pendekezo hili linazigusa pia nyimbo za Czekanowski. Mkusanyo wa fonogramu wa Berlin, ambao UNESCO uliuingiza katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999, unahifadhi nyimbo za watu kwa maana zote mbili za Kiswahili. Kwa hiyo lililo mbele ya watafiti wa Kiswahili na Kinyarwanda si kuzitafsiri tu, bali kuzifikisha tena kwa wanaoweza kuziimba. Wimbo wa watu hauhesabiki kuwa umerudishwa pale nakala yake inapofika maktabani. Hurudi pale unapopata mgeuko unaofuata.